Kituo cha Kusoma Kila Nukta: Hotuba ya Meya Haralampi Ptichkov kwa Wananchi wa Chernorun

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa Gavana wa Mkoa, ambaye naambiwa ameshindwa kufika lakini amemtuma dereva wake. Ndugu Dereva wa Mheshimiwa Gavana, karibu sana, hapo ulipoegesha hapana shida. Baba Padri Onufri, mchungaji wa roho zetu na mwenye kipaza sauti hiki. Mheshimiwa Kamanda wa Zimamoto pamoja na kikosi chake chote, ambacho ni yeye mwenyewe. Mwenyekiti wa Chama cha Wastaafu, Makamu wake, na yule bwana ambaye mpaka leo anapinga matokeo ya uchaguzi wa Chama cha Wastaafu. Wajumbe wa Baraza la Mji mliohudhuria, na nyinyi mliohudhuria kimoyomoyo. Mama Stoyna Gergishanova na wafumaji wenzake kumi na mmoja. Bi Rumena Kavalova, mpiga picha mstaafu wa televisheni. Shemeji yangu Radko. Wageni waalikwa, na wageni wasioalikwa ambao naona wameshaanza kula. Mabibi na mabwana, wananchi wenzangu wa Chernorun, habari za mchana!

(Wananchi: "Nzuri.")

Sijasikia. Habari za mchana!

(Sauti kutoka nyuma: "Nzuri, Haralampi, anza bwana, jua linatuchoma!")

Nashukuru kwa mapokezi haya ya kishindo. Katibu wangu, Bi Desa, amenishauri nisizidishe dakika saba, nami kama kiongozi msikivu nimeupokea ushauri huo, nimeuchambua, na nimeuweka pahala salama.

Ndugu wananchi, tumekutana hapa leo, kwa mujibu wa taratibu, kanuni, miongozo na mapenzi mema, ili kuzindua rasmi Kituo cha Kusoma Kila Nukta, mradi wa kimkakati, jumuishi, shirikishi na endelevu, ambao upembuzi yakinifu wake umebaini kwamba utazalisha ajira mia mbili na kumi na nne za moja kwa moja, pamoja na ajira elfu moja za kuzungukazunguka, katika mji ambao kwa hesabu ya mwisho una wakazi mia sita na tisa. (Kicheko.) Msicheke. Hiyo ndiyo inaitwa tija.

Lakini mradi hauanzi hewani. Mradi huzaliwa na changamoto, na changamoto yetu ilizaliwa uani kwa Mama Stoyna, mwaka jana, mwezi wa pili. Nyote mnalijua zulia la Chernorun. Halitiwi rangi hata tone. Weusi wake ni kondoo mweusi, weupe wake ni kondoo mweupe, na milia yake ni myembamba mno, uzi kwa uzi, hata marehemu mama yangu akilitazama kwa muda mrefu alikuwa anashika ukuta. Basi Kamati ya Bidhaa za Asili kule Sofia ikatangaza kwamba mafundi wanaotaka Alama ya Asili walete video ya kazi yao. Bila Alama hiyo, zulia la Mama Stoyna lingeendelea kurundikwa sokoni pamoja na yale ya kiwandani, na wafumaji walikuwa wameshaniambia waziwazi kwamba wasipoipata safari hii, watafunga mitambo yao ya kufumia, na mabinti zao watakwenda Ujerumani kuchuma stroberi.

Mimi, kwa wepesi wa maamuzi ambao hata maadui zangu wanakiri kuwa ninao, nikamteua mtaalamu. Mchakato wa uteuzi ulikuwa wa wazi na wa ushindani: nilimuuliza mke wangu, naye akamtaja kaka yake. (Kicheko. Sauti: "Radko wa harusi!") Naam, Radko wa harusi, mwenye uzoefu wa harusi mia moja na nne, na kati ya hizo zimevunjika tisa tu. Radko akaja na kamera yake mpya, akalitandika zulia juani, akarekodi, tukatuma.

Baada ya wiki tatu barua ikaja. Naisoma kama ilivyo: "Zulia linaonyesha mawimbi ya zambarau na kijani yasiyoweza kutokana na sufu ya asili. Tunaamini limetiwa rangi za kemikali. Ombi limekataliwa."

(Minong'ono ya hasira.)

Mama Stoyna alifika ofisini kwangu asubuhi hiyohiyo. Hakuja peke yake. Alipanda ngazi mpaka ghorofa ya pili na kondoo jike mweusi aitwaye Galka, kinyume cha kifungu cha sita cha kanuni za jengo, akasimama nje ya mlango, akaita, "Haralampi! Toka humo ndani!"

Bi Desa, kwa utaratibu mzuri wa utumishi, akamjibu, "Mheshimiwa yuko kikaoni, mama."

"Kikao gani? Mbona nasikia harufu ya mkate wa jibini, ya banitsa?"

(Kicheko kirefu.)

Kilikuwa kikao cha banitsa, sikatai, na kilikuwa na akidi. Nikatoka. Mama Stoyna akamsukuma yule kondoo mbele yangu, akasema, "Huyu hapa ndiye kemikali yangu. Msugue! Msugue kwa kitu chochote cheupe, ukiona zambarau nakwenda jela kwa miguu yangu."

Nikamsugua. (Sauti: "Kwa tai!") Kwa tai, ndiyo, sikuwa na kitambaa. Rangi haikutoka. Kilichotoka ni kitu kingine, na kapeti la ofisi tumeshalibadilisha.

Hapo ndipo, ndugu wananchi, nikatumia busara niliyojaliwa. Nikamwambia, "Mama Stoyna, tusibishane na Sofia. Nenda kalifue."

Akaniuliza, "Mwanangu, zulia safi linafuliwa la nini?"

Nikamjibu, "Kamati imeona kitu. Kamati haiwezi kuona kitu ambacho hakipo."

Ulikuwa mwezi wa tatu, na mto wetu mwezi wa tatu ni theluji iliyoyeyuka tu. Akalifua mara moja. Radko akalirekodi, tukatazama kwenye kioo kidogo cha kamera: zambarau. Akalifua mara ya pili: zambarau, na kijani juu yake. Mara ya tatu nilikuwepo mwenyewe, nimesimama ukingoni na taulo, natoa uongozi. Alipotoka majini mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko, imevimba, vidole havikunjiki. Akatazama kile kioo, akaona mawimbi yaleyale. Akakaa juu ya jiwe. Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru. Hakunitukana. Alisema polepole, "Labda ni macho yangu. Labda miaka hamsini nimefuma kitu nisichokiona."

(Meya anainua macho kutoka kwenye karatasi.)

Hilo la kufua lilikuwa langu. Hotuba aliyoniandikia Bi Desa haina sentensi hiyo, nimeiongeza mwenyewe.

(Mama Stoyna, kutoka safu ya mbele: "Endelea, Haralampi. Nimesikia.")

Naendelea. Ehe. Tija. Ndipo kwenye daraja akapita Bi Rumena, ametoka kununua vitunguu, akatuona sisi watatu tumelizunguka zulia kama wafiwa. Akateremka. Akalitazama zulia, akatazama kioo, akalitazama zulia tena. Akamwambia shemeji yangu, "Radko, rudi nyuma hatua moja."

Radko akarudi. Yale mawimbi yakatanuka.

"Sogea mbele."

Akasogea. Mawimbi yakakimbilia upande wa pili!

"Sasa niambieni," akasema Bi Rumena, "zulia limelala palepale, halijatikisika. Rangi ingekuwa ndani ya sufu, ingekimbiakimbia hivyo kila Radko akinyanyua mguu? Mama Stoyna, macho yako mazima. Hii kamera ndiyo inaruka."

Nikamuuliza, maana kiongozi huuliza, "Inaruka wapi?"

"Kwenye sensa."

Nikamjulisha kwamba sensa tulishafanya, niliisimamia mimi, na hakuna kaya iliyorukwa isipokuwa ile ya bwana mwenye mbwa. (Kicheko.) Akanitazama kama anavyotazamwa mtu anayeingia kanisani na kofia. Akasema, "Sensa ya kamera, mheshimiwa. Ndani humu kuna kipande bapa kidogo kama stempu kinachopokea mwanga. Kimejaa nukta, milioni ishirini na nne, zimepangwa safu kwa safu. Ukipiga picha moja ya mnato, kamera ina nafasi, inasoma nukta zote. Ukirekodi video, inatakiwa isome picha ishirini na tano kila sekunde. Hii ya Radko haiwahi. Kwa hiyo inasoma safu moja, inaruka mbili, inasoma moja, inaruka mbili, mpaka chini."

"Na hizo mbili?"

"Inajifanya hazipo."

"Na rangi?"

"Kila nukta imevaa miwani ya rangi moja tu, nyekundu, kijani au buluu. Ili ijue rangi kamili, lazima iwaulize majirani. Jirani akirukwa, anaulizwa mtu wa mbali. Kwenye ukuta mtupu haidhuru. Kwenye milia myembamba kama hii, huku anaulizwa mweusi, kule anaulizwa mweupe, basi kamera inabahatisha. Zambarau ni bahatisho."

Nakiri sikuelewa papo hapo, kwa sababu ya baridi. Kesho yake Bi Rumena akatuita ukumbi wa shule, na wengi wenu mlikuwepo. Akawapanga: safu ya kwanza wanawake, mbili zinazofuata wanaume, ya nne wanawake, mbili wanaume, vivyo hivyo mpaka mwisho. Akanipa daftari, akasema, "Mheshimiwa, fanya kama kamera. Soma safu ya kwanza, ruka mbili. Andika unachoona."

Nikapita nikiandika. Nilipofika nyuma, ripoti yangu ilisema: Chernorun ni mji wa wanawake watupu. (Kicheko. Sauti ya mwanamke: "Ungekuwa na amani!")

"Haya, rudi. Sasa anzia safu ya pili."

Nikaanzia ya pili, nikaruka mbili, nikaruka mbili. Chernorun ikawa mji wa wanaume watupu. Hatua moja tu, ndugu zangu, na mji mzima umebadilika! Na hakuna aliyeinuka kwenye kiti chake! Hapo Mama Stoyna akasimama, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Kwa hiyo mimi nilifua zulia kwa sababu ya mtu asiyejua kuhesabu?"

Bi Rumena akamjibu, "Ndiyo, mama."

Nimejadiliana na wanasheria, na msimamo wa Halmashauri ni kwamba Bi Rumena alikuwa anamaanisha kamera.

(Bi Rumena: "Nilikuwa namaanisha wewe!")

Asante kwa mchango huo. Sasa, suluhisho. Mtaalamu akatueleza kwamba ziko kamera zinazosoma nukta zote kisha ndipo zinaipunguza picha, ila ni ghali na zinachemka kama sufuria. Ziko zinazochanganya nukta za jirani na kuzifanya moja, ambazo si mbaya. Na hata hii ya Radko ina mlango wa uani. Unaiamuru isome kipande cha katikati tu, ila hapo katikati isiruke hata safu moja. "Shida yake," akasema, "ni kwamba utaona padogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Ukitaka kuona zulia zima, itabidi urudi nyuma."

Tukarudi mtoni, kwa sababu pale ndipo penye mwanga mzuri. Zulia likatandikwa kwenye ukingo. Radko akaweka jicho kwenye kamera.

"Naona ncha moja tu," akasema.

"Rudi nyuma," akasema Bi Rumena.

"Naona nusu."

"Rudi tena."

Shemeji yangu ni mtu wa nidhamu. Alirudi nyuma, akarudi nyuma, hakugeuka kutazama aendako, na mimi, ambaye nilikuwa nimemsimamia kwa karibu, nilikuwa wakati huohuo nazungumza kwenye simu. Tukasikia chubwi! (Kicheko. Radko anainuka na kuinama kwa heshima.) Maji yakamfika kifuani. Lakini kamera, ndugu wananchi, kamera aliinyanyua juu kwa mikono miwili kama yule kijana anayeuokota msalaba mtoni siku ya Epifania, hata Baba Padri, aliyekuwa anatutazama kutoka darajani, akajikuta anafanya ishara ya msalaba kwa mazoea. Nikamwambia, "Radko, toka, utakufa!"

Meno yakigongana, akajibu, "Sitoki! Kutoka hapa ninaliona lote!"

Akarekodi akiwa majini, dakika nne nzima. Kutoka mbali ile milia ikachanganyika, ikawa kijivu kitulivu, kijivu cha kweli. Kisha akatoka akitiririka, akaisogeza kamera karibu, taratibu, mpaka kila uzi ukaonekana peke yake: mweusi, mweupe, mweusi, mweupe. Hakuna zambarau. Mama Stoyna akatazama kioo kile. Akakishika kwa ncha ya kidole chenye bandeji. Akasema, "Ndilo hilo. Ndilo ninaloliona mimi." Kisha akavua shali yake akamfunika Radko, akampiga kofi la kichwa, akamwambia, "Mjinga wee, ungekufa kwa ajili ya kapeti," akampeleka kwake akamnywesha rakia, pombe kali ya matunda, ya moto yenye asali.

(Makofi marefu.)

Tukatuma video, pamoja na barua ya Bi Rumena ya kurasa tatu, na sahihi yangu chini, kubwa kuliko barua. Kamati ikajibu mwezi wa tano. Iliomba radhi. Alama ya Asili imetolewa, kwa jina la Stoyna Gergishanova na wenzake, na leo hii mitambo kumi na miwili inagonga mpaka tunalalamika kelele, na wale mabinti hawakwenda kuchuma stroberi za mtu.

Hayo yote, ndugu wananchi, yamepatikana kwa uongozi wangu thabiti.

(Bi Rumena: "Ulikuwa umeshika taulo!")

Nilikuwa nasimamia taulo, Bi Rumena. Kushika ni utekelezaji, kusimamia ni uongozi.

Na ndiyo maana nikajiuliza: je, mafanikio haya yabaki mikononi mwa mwanamke mmoja mwenye mfuko wa vitunguu? Nikajibu, hapana, lazima yawekwe kwenye muundo. Hivyo tukabuni Kituo cha Kusoma Kila Nukta, chenye ghorofa tatu, maabara nne, ukumbi wa mikutano ya kimataifa na mgahawa, ambamo kamera za nchi nzima zitaletwa zipimwe kama zinasoma au zinaruka. Kituo kitakuwa na Kurugenzi ya Safu Zinazosomwa na Kurugenzi ya Safu Zinazorukwa, ambayo ni kubwa mara mbili. Utafiti unaonyesha kwamba asilimia mia moja na nne ya wananchi wanauunga mkono mradi huu.

(Sauti: "Hao wanne wametoka wapi?")

Ni wa kijiji jirani. Na maarifa haya tumeshaanza kuyatumia kwingineko. Barabara ya Shule, kwa mfano, imekarabatiwa kwa mfumo wa kisasa wa video: shimo moja tumeziba, mawili tumeruka. (Kelele.) Ukiendesha kwa kasi ya picha ishirini na tano kwa sekunde, huhisi kitu!

(Mama Stoyna: "Haralampi, jengo liko wapi?")

Mama Stoyna ameuliza swali zuri sana, la kizalendo, na linahusu awamu ya pili. Sasa hivi tuko awamu ya kwanza, ambayo ni uzinduzi. Naomba tuinuke wote. Nikisema "Kila nukta", mnajibu "Isomwe!" Kila nukta!

(Wachache: "Isomwe.")

Kila safu!

(Mmoja: "Irukwe!" Kicheko.)

Chernorun!

(Wote, kwa moyo wote: "Stoyna! Stoyna!")

Siyo jibu lililokuwa kwenye karatasi, lakini tunalipokea.

Kwa kumalizia, na sasa ninamaliza kweli, niruhusuni nitoe shukrani. Namshukuru mbunifu wa majengo, ambaye ameahidi kuanza kuchora pindi tutakapompata. Nawashukuru mafundi wote waliojitolea kutojenga, kwa utulivu wa hali ya juu, muda wote wa miezi kumi na minne ya mradi. Nawashukuru wafadhili, ambao barua zetu zinawafikia wakati wowote kuanzia sasa, tukishajua ni akina nani. Namshukuru Bi Desa kwa huu utepe mwekundu, ambao nitaukata sasa hivi, na ambao mnauona umefungwa kati ya mti wa plamu na mti mwingine wa plamu. Na kwa namna ya pekee kabisa namshukuru Mzee Gencho, mwenye malisho haya, aliyekubali kutuazima mpaka saa nane kamili, akasema baada ya hapo hataki kuona mtu, maana ng'ombe wake wanarudi kula. Sasa ni saa nane kasorobo. Kituo nakitangaza kimefunguliwa. Jamani, kila mtu aondoke na kiti alichokuja nacho. Asanteni sana kwa kunisikiliza.

(Wananchi wananyanyua viti vyao.)